Kuwaandaa wasimamizi wa nyumba Mombasa kwa mabadiliko ya sheria: semina, wakili, kujisomea au majalada?

Ofisi nyingi zinazosimamia nyumba za kupanga hapa Mombasa, kuanzia Likoni hadi Bamburi, zimekaa muda mrefu zikisubiri sheria moja kubwa. Mswada wa Mwenye Nyumba na Mpangaji wa mwaka 2021 ulikusudia kuziunganisha sheria tatu za zamani: ile ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya; ile ya maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301; na ile ya kukamata mali ya mpangaji aliyelimbikiza kodi, Sura ya 293. Bunge la 12 lilimaliza muda wake mwaka 2022 bila mswada huo kuwa sheria, na kazi inaendelea chini ya zile tatu.

Wakati macho yote yakiwa huko, mabadiliko yaliyogusa kazi ya kila siku yaliingia kwa milango mingine. Ushuru wa kila mwezi wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi ulianza Januari 2016, ukabadilishwa viwango vyake vya mapato Januari 2021, kisha asilimia yake ikashushwa Januari 2024. Sheria ya Kulinda Data ilitungwa mwaka 2019, na kanuni zake za usajili zikafuata mwaka 2021. Sheria inayohusu majengo yenye wamiliki wengi, kila mmoja na nyumba yake, iliandikwa upya mwaka 2020. Kwa hiyo anayeuliza namna ya kuwaandaa wasimamizi wake hapaswi kuuliza tu mswada utapita lini. Aulize pia ni njia ipi ya kujifunza itakayomwezesha kuyakamata mabadiliko yoyote, yawe yametoka Bungeni kwa kishindo au yamefichwa ndani ya Sheria ya Fedha.

Njia zinazopatikana mjini ni nne: kuwapeleka watu semina ya taaluma, kumwita wakili ofisini, kujisomea sheria zenyewe, na kuyakagua majalada ya wapangaji mliyo nayo. Nitazilinganisha kwa kipimo kimoja, nacho ni karatasi ambayo kila ofisi ya usimamizi huitoa mara kwa mara, yaani notisi ya kuhama.

Notisi moja, sheria tatu

Chukua jengo la ghorofa lililoko Kisauni. Chini kuna duka la rejareja. Juu kuna nyumba za familia zilizojengwa miaka ya karibuni. Nyuma yake, kwa mwenye mali huyo huyo, kuna nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uani nyuma, iliyokuwa ikipangishwa tangu kabla ya mwaka 1981. Hakuna mpangaji mwenye mkataba wa maandishi. Wote hulipa kodi tarehe 5. Mwenye mali anataka kukarabati, na tarehe 12 Machi msimamizi anaandika notisi moja, anatoa nakala za kutosha na kuzigawa kila mlango: hama ifikapo tarehe 30 mwezi huu.

Kwa mwenye duka, karatasi hiyo haina nguvu. Upangaji wa biashara usioandikwa, au ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, unalindwa na Sura ya 301. Notisi yake ina fomu maalum, haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi miwili tangu mpangaji aipokee, na mpangaji ana haki ya kupinga na kulifikisha jambo mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara kabla ya siku hiyo kufika.

Kwa familia za ghorofani, kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema upangaji usiotajwa muda wake huhesabiwa kwa kipindi cha kulipia kodi, hapa mwezi, na kwamba notisi isipungue kipindi hicho na imalizike katika siku ya kulipa kodi. Notisi iliyotolewa tarehe 12 Machi haiwezi kumalizika tarehe 30 Machi, wala tarehe 5 Aprili, kwa maana mwezi haujatimia. Siku ya mapema kabisa ni tarehe 5 Mei.

Kwa wapangaji wa vyumba sita, hatari ni kubwa zaidi, na hapa ndipo wasimamizi wengi wanapoteleza. Sura ya 296 inazilinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Watu huisikia namba hiyo, hutazama kodi ya leo, huona 4,000 au 5,000, na kuhitimisha kwamba sheria hiyo imepitwa na wakati. Lakini kodi ya kawaida ya nyumba iliyokuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981 ni ile iliyolipwa siku hiyo, si inayolipwa leo. Kwa nyumba zilizokuja baadaye, Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba hukadiria kodi ya mwezi kati ya asilimia 1.25 na 1.5 ya gharama ya ujenzi pamoja na thamani ya ardhi. Nyumba iliyogharimu shilingi 1,000,000 pamoja na kiwanja chake ingekadiriwa kati ya 12,500 na 15,000, na hesabu hiyo ndiyo inayoziondoa karibu nyumba zote mpya katika ulinzi huo na kuviacha ndani vyumba vya Majengo, vya Likoni na vya mitaa mingine ya zamani. Mpangaji wa aina hiyo haondolewi kwa karatasi ya ofisi. Anaondolewa kwa amri ya Baraza, kwa sababu zilizotajwa na sheria. Na kifungu cha 29 hakimtaji mwenye nyumba peke yake, bali pia wakala wake na mtumishi wake: anayemfukuza mpangaji bila idhini, au kumsumbua makusudi ili ahame au aongeze kodi, anatenda kosa. Keateka, yaani mtunza jengo, aliyetumwa kung'oa mlango au kukata maji yumo ndani ya kifungu hicho.

Hiyo ndiyo kazi ambayo mafunzo yoyote yanatakiwa kuiweza: mtu apewe jengo hilo, aandike karatasi zinazofaa, na ajue ni nani asiyepaswa kupewa karatasi yoyote kabla ya Baraza kuamua.

Semina

Semina za taaluma, ziwe za Chama cha Wapimaji wa Kenya (ISK) au za waandaaji wengine, zina manufaa kwa kiongozi wa ofisi. Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, inamtaka anayefanya kazi ya uwakala wa kuuza, kupangisha au kusimamia nyumba za watu wengine awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba, na mtu wa namna hiyo anahitaji kusikia wenzake wanasema nini na mswada gani uko njiani. Hata hivyo, semina huandaliwa kwa ukumbi mzima. Mfano unaotolewa huwa wa majumba makubwa ya Nairobi, lugha huwa Kiingereza cha kisheria, na nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi na uani haitajwi. Kwa kipimo cha notisi ya Kisauni, aliyetoka semina atajua kwamba sheria ziko tatu. Kama ataweza kuziandika notisi kesho yake asubuhi ni jambo jingine. Aliyezigawa nakala zile mlango kwa mlango hakualikwa.

Wakili anayekuja ofisini

Faida kuu ya njia hii ni kwamba wakili anaisoma notisi yako wewe, si ya mfano. Ataikuta tarehe 30, atauliza kodi hulipwa lini, na msimamizi aliyeiandika atakuwa ameketi hapo hapo. Funzo la aina hiyo haliwezi kusahaulika kwa urahisi.

Ila matokeo hutegemea sana ni wakili gani. Mjini wapo mawakili hodari wa kuhamisha hati za viwanja ambao hawajasimama mbele ya Baraza lolote la kodi kwa miaka, na wapo wengine ambao kesi za wapangaji ndizo zinazowaweka mjini. Unayemtaka ni huyu wa pili. Pia hutegemea mlichomwandalia. Ofisi inayomwita na kumwambia atufundishe sheria italipia hotuba. Inayomtumia mapema mkataba wake mtupu, notisi tatu za mwisho ilizotoa, nakala ya risiti na maelezo ya namna inavyoshika dipoziti, italipia kazi. Mkubaliane kabla hajaanza kwamba ataacha maandishi: fomu ya notisi kwa kila aina ya upangaji, na ukurasa mmoja unaosema ni jambo gani haliwezi kufanywa bila Baraza. Jambo la kukamata mali lisisahaulike hapo, maana Sura ya 293 inampa mwenye nyumba njia ya kumtumia dalali kukamata mali ya mwenye malimbikizo, lakini kwa nyumba zinazolindwa na Sura ya 296 lazima ruhusa ya Baraza itangulie.

Udhaifu wake ni gharama, na zaidi ya gharama, ni kwamba ujuzi huondoka naye anapopanda gari. Mwaka ujao asilimia fulani itabadilika na hakuna atakayewaambia, isipokuwa mmemwita tena.

Kujisomea

Maandishi ya sheria za Kenya na hukumu za mahakama na mabaraza yanapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Ofisi ambayo ina mtu mmoja anayesoma vizuri Kiingereza, na inayomwachia saa moja kila wiki kwa kazi hiyo tu, inapata kitu ambacho semina haitoi, yaani ufuatiliaji usiokatika. Miezi ya kuongezewa muda ni Aprili hadi Juni, Mswada wa Fedha unapojadiliwa, kwa sababu vifungu vingi vya sheria hiyo huanza Julai mosi na vingine Januari.

Ushuru ndio mfano unaoonyesha faida hiyo wazi. Chukua mwenye vyumba kumi vya shilingi 8,000 kila kimoja. Anapokea 80,000 kwa mwezi, 960,000 kwa mwaka, na yumo kati ya 288,000 na 15,000,000, viwango vinavyotumika tangu 2021. Hadi Desemba 2023 alidaiwa asilimia 10, yaani shilingi 8,000 kila mwezi. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, yaani 6,000, inayohesabiwa kwa kodi yote bila kutoa gharama za ukarabati, na marejesho yake hutolewa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Karani aliyeendelea kutumia jedwali la zamani amemtoza mteja wake shilingi 2,000 za ziada kila mwezi kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA), na hakuna mpangaji wala wakili ambaye angemshtua. Sheria ya Fedha ya 2023 pia ilifungua njia ya Kamishna kuwateua wanaopokea kodi kwa niaba ya wenye nyumba wakate ushuru huo wenyewe, na hilo linaihusu ofisi ya wakala moja kwa moja.

Hatari ya kujisomea iko katika kuchanganya mswada na sheria. Karatasi zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hutangaza kwamba kodi sasa haipandishwi mpaka baada ya muda fulani au kwamba dipoziti imefutwa, na msimamizi asiye makini humjibu mpangaji kwa kutegemea kifungu ambacho hakikuwahi kuwa sheria. Anayejisomea ajifunze kwanza kutazama kama andiko limetiwa saini na Rais na limeanza kutumika lini. Kwa kipimo cha notisi, msomaji mwenye bidii atakipata kifungu cha 57 peke yake, ila suala la tarehe 1 Januari 1981 litampita mpaka akutane nalo ndani ya hukumu.

Majalada

Njia ya nne haionekani kama mafunzo, na pengine ndiyo sababu hupuuzwa. Wasimamizi wenyewe wanaketi na majalada yote, jengo baada ya jengo, na kuandika kwa kila mlango: jengo lilijengwa lini na lilianza kupangishwa lini, linatumika kwa makazi au biashara, makubaliano ni ya maandishi au ya mdomo, kodi ni kiasi gani na hulipwa tarehe gani, dipoziti iko wapi, ardhi ni ya nani.

Swali la mwisho lina uzito wake Mombasa kuliko miji mingi. Hapa tuna nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba si mwenye kiwanja na hulipa kodi ya ardhi kwa mtu mwingine. Msimamizi wa nyumba hiyo anakusanya kodi ya vyumba kwa niaba ya mtu ambaye naye ni mpangaji wa ardhi, na mabadiliko yoyote ya sheria yatamgusa mara mbili. Ofisi isiyojua ni nyumba zipi ziko hivyo haiwezi kumshauri mteja wake chochote cha maana siku sheria itakapobadilika.

Fungua jalada moja la kawaida uone linavyofundisha. Ndani yake kuna mkataba wa mwaka mmoja wa nyumba ya shilingi 30,000 kwa mwezi, umetiwa saini pande zote mbili, lakini haujalipiwa ushuru wa stempu. Kwa mkataba usiozidi miaka mitatu ushuru huo ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, hapa shilingi 3,600, na bila stempu mkataba huo hautapokelewa kama ushahidi katika kesi ya madai. Nyuma ya mkataba kuna nakala ya kitambulisho cha mpangaji, na ukimuuliza karani utaambiwa picha yake pia imo kwenye simu ya keateka. Kanuni za 2021 za Kulinda Data zimeutaja usimamizi wa nyumba, pamoja na uuzaji wa ardhi, kati ya kazi ambazo lazima zisajiliwe kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data hata kama ofisi ni ndogo, na msamaha unaopewa biashara zenye wafanyakazi wachache na mapato madogo hauihusu. Jalada linalofuata halina mkataba kabisa. Msimamizi atasema mpangaji huyo hana karatasi, hivyo hana haki. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ardhi kinaruhusu upangaji wa muda mfupi, usiozidi miaka miwili, ufanywe kwa mdomo, kwa hiyo ana haki zake zote.

Ubaya wa njia hii nao usifichwe. Inachosha, inachukua wiki, na hufichua mambo ambayo ofisi ingependa yalale, kama dipoziti zilizopokelewa na kutumika kwa shughuli nyingine, au kilemba, yaani malipo ya ziada ya kupewa chumba, kilichochukuliwa kwenye chumba kinacholindwa na Sura ya 296, ambayo inakataza malipo ya namna hiyo juu ya kodi. Tena, anayekagua bila kujua sheria ataona karatasi tu. Kwa kipimo cha notisi ya Kisauni, ukaguzi peke yake hauandiki notisi sahihi, ila ndio pekee unaoonyesha kwamba jengo lile moja lina wapangaji wa aina tatu. Bila hilo, hata wakili atajibu swali ambalo hakuulizwa vizuri.

Ofisi ipi ichukue njia ipi

Kwa ofisi ndogo inayosimamia vyumba vya mitaa ya zamani, nashauri kuanza na majalada bila kusita, kisha kumlipa wakili wa mabaraza kwa nusu siku tu, akiwa na orodha iliyokamilika mbele yake. Semina iachwe mpaka kuwe na fedha. Wapangaji wa vyumba hivyo ndio wenye uwezo mdogo wa kujitetea, na kosa la ofisi huwaangukia wao kabla halijaiangukia ofisi. Hilo pekee latosha kuifanya kazi ya majalada kuwa ya kwanza.

Ofisi yenye majengo mchanganyiko, duka chini na familia juu, inahitaji wakili zaidi ya wengine wote, kwa sababu Sura ya 301 haisamehi fomu isiyo sahihi. Iongeze msomaji wa kila wiki kwa upande wa ushuru, asije wakili akalipwa kwa jambo ambalo karani anaweza kulisoma mwenyewe.

Wanaosimamia majumba ya Nyali na Kizingo, ambako kila nyumba ina mmiliki wake, wako karibu zaidi na semina. Chini ya sheria ya 2020 shirika la wamiliki ndilo lenye kusimamia sehemu za pamoja, na msimamizi anaweza kujikuta akimtumikia mmiliki mmoja katika kodi na shirika zima katika ada za huduma, bila mkataba unaotenganisha kazi hizo mbili. Mambo hayo bado yanajengeka, na kuwasikiliza wenzako wa taaluma kuna faida halisi. Hata hivyo majalada yao nayo yana vitambulisho, dipoziti na mikataba isiyo na stempu.

Katika kila ofisi, keateka na mkusanya kodi wasiachwe nje. Hawahitaji siku nzima ya mafunzo. Wanahitaji kuambiwa waziwazi kwamba hawagawi notisi ambayo haijapitiwa na mtu aliyetajwa kwa jina, hawafungi mlango wala kukata maji au umeme kwa sababu ya malimbikizo hata wakiagizwa na mwenye nyumba kwa simu, na hawabaki na picha ya kitambulisho cha mpangaji baada ya kuifikisha ofisini. Maagizo hayo yaandikwe kwa Kiswahili, keateka ayatie saini mwenyewe, na nakala iwekwe kwenye jalada la jengo analolisimamia.